Ugonjwa Uliotoka Magharibi

Ukisimama Kobero, macho yanavutwa mashariki. Huko ndiko yanakotoka malori ya saruji, mafuta na nondo, baada ya kupita Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na Nyakanazi, kisha Ngara, hadi Kabanga iliyo ng'ambo ya mpaka. Siku hizi forodha za Burundi na Tanzania zinahudumia pamoja, na foleni ya magari ndiyo saa ya mji. Kwa mtu aliyekulia kando ya barabara hii ni rahisi kuamini kwamba kila kinachoingia upande wa Muyinga, kizuri au kibaya, kimetoka baharini.

Kwa kipindupindu, imani hiyo ina msingi. Mlipuko uliozuka Tanzania Oktoba 1977 ulisambaa nchi nzima, na mwaka 1978 Burundi nayo ikatangaza wagonjwa wake wa kwanza. Lakini ugonjwa ninaoufuata katika makala haya ulisafiri kinyume na malori. Ni kuhara damu, ule wa mlipuko, unaosababishwa na bakteria wanaoitwa Shigella dysenteriae aina ya kwanza. Ulianza mashariki ya Zaire mwaka 1979, ukaingia Rwanda na Burundi, ukavuka hadi Tanzania na kuendelea kusini. Ulipofika huku ulikuwa tayari umeshazishinda dawa nyingi. Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niifuate njia yake kinyumenyume, niupe mgongo mpaka na kwenda Muyinga, Karuzi na Gitega, kisha nivuke kwa maandishi hadi ulikotoka. Usugu wa dawa huzungumzwa mno kana kwamba ni kosa la mgonjwa aliyeacha vidonge katikati. Njia hii inasema habari nyingine.

Nianze na Kobero yenyewe na miaka ambayo watu waliipita kwa miguu. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na mamia ya maelfu ya Warundi wakakimbilia Rwanda, Tanzania na Zaire. Nusu mwaka baadaye, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, takriban Wanyarwanda robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja na ushei na kujikuta Ngara, katika kambi ya Benaco. Vilima ambavyo vilizoea kulisha vijiji vichache vikabeba mji mzima usio na bomba wala choo. Kuhara damu kuliwafuata wakimbizi katika kambi za pande zote. Kule Goma, mashariki ya Zaire, Julai 1994, kipindupindu kilitangulia na kuhara damu kukafuata. Takriban watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kuhara. Bakteria waliooteshwa kutoka kwa wagonjwa wa kule walikuwa sugu kwa karibu kila dawa iliyokuwa kwenye masanduku ya misaada.

Watabibu wa miaka ile walikuwa na siprofloksasini mkononi, dawa iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1987 na ambayo bado ilikuwa na nguvu dhidi ya bakteria hawa. Bei yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba katika milipuko mikubwa iliwekewa masharti: wapewe kwanza watoto wadogo, wazee, wenye utapiamlo na wale waliozidiwa. Wengine wangepewa maji ya chumvi na sukari, chakula na uangalizi. Fikiria mhudumu aliyesimama mbele ya mstari wa watu wanaojikunja kwa maumivu ya tumbo, naye ana kazi ya kuamua nani apate kidonge. Uamuzi huo haukuanzia kambini. Ulikuwa umeandaliwa kwa zaidi ya miaka kumi kwenye barabara hii hii.

Kutoka Kobero barabara inapanda na kushuka vilima vya migomba na kahawa hadi Muyinga, mji wenye Waislamu wengi ambamo Kiswahili hakihitaji mkalimani. Hapa narudi nyuma hadi mwaka 1990. Mwaka huo watafiti wa Burundi na wa Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani walichunguza mlipuko wa kuhara damu nchini Burundi. Ripoti yao, iliyoongozwa na Allen Ries na kuchapishwa mwaka 1994, ilitumia kwa bakteria hao neno zito: wamekuwa sugu kwa zote. Maana yake ilikuwa kwamba kila dawa ya kumeza iliyopatikana Burundi kwa ajili ya ugonjwa huo ilikuwa imeshindwa, pamoja na ile ya akiba, asidi ya nalidiksiki.

Dawa hiyo inastahili kusimuliwa, kwa sababu ndani yake kuna historia yetu ya maradhi mawili. Ilivumbuliwa mwaka 1962 na George Lesher na wenzake kutokana na masalia ya kutengeneza klorokwini, dawa ya malaria ambayo Afrika Mashariki nzima iliinywa kwa miongo. Kwa miaka mingi ilitumika zaidi kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Bakteria wa kuhara damu walipoishinda septrini, iliyokuwa ikitegemewa kabla yake, watu waliikumbuka asidi hii. Dozi ya mtu mzima ilikuwa gramu moja mara nne kwa siku, kwa siku tano. Kidonge kina nusu gramu. Piga hesabu: vidonge vinane kwa siku, vidonge arobaini kwa mgonjwa mmoja.

Vidonge arobaini katika nyumba ya vilimani ni mali. Mama ana watoto wanne, wawili wameanza kuharisha, mmoja ana homa, mume amelala. Mgonjwa wa kwanza amepata nafuu siku ya pili. Vilivyobaki atavifanya nini? Atavigawa. Nami sioni kosa lake. Bakteria hawa hawahitaji wingi ili waangushe mtu. Kati ya kumi na mia moja wakiingia mdomoni wanatosha, ilhali kipindupindu kwa kawaida huhitaji maelfu kwa mamilioni. Ndiyo maana nyumba nzima huugua kwa zamu, kwa mkono uliomtawaza mtoto na kurudi kwenye sufuria. Mama anayegawa dawa anaona kwa macho yake mwenyewe kwamba familia imegawana ugonjwa.

Tena, hata angemaliza arobaini vyote, kama bakteria walio tumboni mwake walikuwa tayari sugu, angemeza bure. Kujua hilo kunahitaji kitu ambacho vituo vya afya vya vilimani havikuwa nacho: maabara ya kuotesha vimelea. Kazi yenyewe si uchawi. Choo chenye damu na kamasi huchukuliwa mapema, kabla mgonjwa hajaanza dawa. Shigella hufa upesi nje ya mwili, kwa hiyo pamba yenye sampuli hutumbukizwa kwenye mrija wenye ute maalumu wa kusafirishia, ikawekwa kwenye boksi la barafu na kupelekwa haraka. Maabarani, bakteria hupandwa kwenye sahani bapa yenye chakula chao. Wakishajulikana ni akina nani, hupandwa tena, na safari hii juu yake huwekwa vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali. Kesho yake sahani imefunikwa na utando mweupe wa bakteria. Penye dawa inayofaa pamebaki duara safi, halina kitu. Penye dawa iliyoshindwa, bakteria wameota hadi ukingoni mwa karatasi.

Sahani ya bakteria wa Burundi wa wakati ule, ukizingatia dawa zilizokuwa nchini, ingekuwa haina duara safi hata moja.

Burundi ilijaribu kuyafungua macho. Dirk Engels na wenzake waliweka vituo vya ufuatiliaji vya kupima usugu wa bakteria hawa mahali mbalimbali nchini, na matokeo yakatoka mwaka 1995 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Kazi ya aina hiyo, ndani ya nchi iliyokuwa inaingia vitani, ni ya kuheshimiwa. Penye maabara mbali, shirika hilo lilipendekeza kanuni ya siku mbili: mgonjwa asipopata nafuu baada ya siku mbili za dawa, ibadilishwe. Kanuni nzuri, mradi iwepo nyingine ya kubadilishia.

Barabara ya Gitega inapita Karuzi. Wajerumani walihamishia makao yao ya utawala Gitega mwaka 1912, na Juni 1916 jeshi la Wabelgiji likaiteka, kisha likaendelea kusini-mashariki hadi Tabora, iliyoanguka Septemba. Vita Kuu ya Kwanza upande huu wa Afrika Mashariki ilibebwa vichwani. Wapagazi waliochukuliwa kwa nguvu kutoka kila upande, wa Mjerumani, wa Mwingereza na wa Mbelgiji, walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na tumbo na mapafu waliwazidi mbali waliouawa na risasi. Kuhara damu kulikuwa miongoni mwa wauaji wakubwa. Hakukuwa na dawa ya kuua bakteria wake, kwa hiyo hakukuwa na habari ya usugu. Hivyo ndivyo ningeandika kama nisingejua kisa cha askari mmoja wa vita hiyo hiyo.

Machi 1915, Ernest Cable, askari wa Kiingereza, alikufa kwa kuhara damu katika hospitali ya Wimereux, Ufaransa. Bakteria wake, Shigella flexneri, ndugu wa huyu wetu, walihifadhiwa, na baadaye wakawa namba moja katika hazina ya taifa ya bakteria ya Uingereza. Mwaka 2014 wanasayansi walitangaza matokeo ya kuwaamsha na kuwachunguza upya. Walikuwa sugu kwa penisilini, dawa ambayo Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928, miaka 13 baada ya Cable kuzikwa. Usugu basi uliwahi kuwepo kabla ya dawa, kwa sababu bakteria na kuvu wamepigana kwa kemikali tangu zamani za zamani. Tulichofanya sisi wanadamu ni kuwachagua walio sugu, kwa tani na tani za dawa, na kuwajengea barabara.

Mwenendo huo ulionekana wazi Tanzania, kwa wataalamu wa huku huku, na nadhani wamesahauliwa isivyo haki. Katika mlipuko ule wa kipindupindu wa 1977, tetrasaiklini iligawiwa kwa wagonjwa na pia kwa wazima waliokaa nao, ili kuwakinga. Fred Mhalu na wenzake wa Dar es Salaam walikuwa wakiotesha bakteria huku mlipuko ukiendelea. Mwanzoni, Oktoba, bakteria wote walikufa kwa tetrasaiklini. Miezi mitano baadaye, asilimia 76 walikuwa sugu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1979. Miezi mitano tu, ndani ya nchi moja, na dawa iliyotegemewa dunia nzima kwa kipindupindu ilikuwa imepoteza makali. Mwaka huo huo wa 1979, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, kuhara damu kulikuwa kunaanza.

Gitega ndipo ninapoliacha gari, maana kutoka hapa njia inaendelea magharibi hadi Kivu na nafuata maandishi. Mwaka 1981 na 1982 Jean Vandepitte wa Leuven, Ubelgiji, akishirikiana na Jennifer Frost na Bernard Rowe wa London, waliandika juu ya bakteria waliotoka Zaire. Hao wa mwanzo walikuwa sugu kwa ampisilini, kloramfeniko, streptomaisini, tetrasaiklini na dawa za salfa. Hizo ndizo zilizojaza kabati za zahanati zetu zote, ikiwemo ile kapsuli ya rangi mbili ambayo kila mtu wa umri wangu aliwahi kupewa kwa kila ugonjwa. Iliyobaki ni septrini, mchanganyiko wa salfa na trimethoprimu. Ikatumika kwa wingi, na haikupita muda bakteria wa mlipuko ule ule wakapata usugu wa trimethoprimu. Ndipo ikaletwa asidi ya nalidiksiki, na habari yake tumeshaipitia Muyinga.

Hapa ndipo hoja ya mgonjwa mzembe inapoanguka. Bakteria waliofika vilima vya Burundi mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamekwisha kujihami dhidi ya dawa tano kabla mkulima wa Muyinga hajameza kidonge hata kimoja kwa ajili yao. Alirithi usugu uliotengenezwa kwingine.

Wapi? Mwaka 2016 timu iliyoongozwa na François-Xavier Weill wa Taasisi ya Pasteur, Paris, ilisoma vinasaba vya mamia ya bakteria wa aina hii waliokusanywa duniani tangu 1915, ikaona ukoo mmoja uliojaa usugu ukisambaa kutoka Asia Kusini hadi Afrika. Kabla ya mlipuko wa Zaire, mwaka 1969, mlipuko kama wetu uliipiga Guatemala na majirani zake. Waganga wengi walidhani ni amiba, wakatibu amiba, na maelfu ya watu wakafa. Bakteria wale nao walikuwa sugu kwa dawa kadhaa kwa pamoja. Ulipofika Zaire miaka kumi baadaye, somo hilo lilikuwa limeshaandikwa kwa Kiingereza na Kihispania, mbali na meza za matabibu wa Kivu.

Na nyuma zaidi, Japani. Huko ndiko Kiyoshi Shiga, kijana wa maabara ya Kitasato mjini Tokyo, alikowatambua bakteria hawa mwaka 1897, katika mlipuko ulioangusha zaidi ya watu 91,000 na kuua zaidi ya mmoja kati ya kila watano. Na huko huko, katika miaka ya 1950, Wajapani wakaona jambo ambalo wengi walikataa kuliamini. Wagonjwa wa kuhara damu walikuwa na Shigella walio sugu kwa dawa nne kwa mpigo. Mwaka 1959 Kunitaro Ochiai na Tomoichiro Akiba walionyesha, kila mmoja na kundi lake, kwamba usugu huo unahama: Shigella na bakteria wa kawaida wa utumbo, E. koli, wakiwekwa pamoja, usugu wote wa mmoja humwingia mwingine kwa mkupuo. Hubebwa na kipande kidogo cha vinasaba kiitwacho plasmidi, nao hupeana kama majirani wanavyoazimana jembe, tofauti ikiwa kwamba aliyeazima hubaki na lake na mwenyewe habaki mikono mitupu. Tsutomu Watanabe aliieleza dunia kwa Kiingereza mwaka 1963. Kwa hiyo ampisilini anayopewa mtoto kwa ajili ya kikohozi huwafundisha bakteria wapole wa tumboni mwake, na siku Shigella akipita hapo hupokea elimu iliyo tayari. Usugu wa asidi ya nalidiksiki una njia tofauti: bakteria hubadilika chembe ya kinasaba chao wenyewe, dawa ikakosa pa kushika.

Njia imefika mwanzo wake, lakini ugonjwa haukukaa ukingoja. Bakteria wa Shiga wa aina ya kwanza wamepungua sana duniani tangu miaka ya 2000, na milipuko kama ya 1990 haionekani tena kwetu. Kabla ya kupungua walionyesha mwelekeo: mwaka 2002 huko Siliguri, India, walizuka wakiwa sugu hata kwa siprofloksasini. Shirika la Afya Duniani liliiondoa asidi ya nalidiksiki katika matibabu ya kuhara damu mwaka 2005 na kuiweka siprofloksasini mbele, nusu gramu mara mbili kwa siku kwa siku tatu. Vidonge sita badala ya arobaini, na bei imeshuka hadi mtu wa kawaida anamudu. Sasa inauzwa kila duka la dawa kutoka Kabanga hadi Gitega, kwa tumbo, kwa mkojo, kwa homa isiyojulikana. Ndugu waliobaki, flexneri na sonnei, wanaendelea kuua watoto. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha pia Siaya nchini Kenya, uliikuta Shigella miongoni mwa visababishi vinne vikuu vya kuhara kukali utotoni. Mwaka 2024 Shigella walio sugu kwa kundi la siprofloksasini waliwekwa katika ngazi ya kipaumbele cha juu ya orodha ya Shirika la Afya Duniani ya bakteria wanaohitaji dawa mpya.

Ninayoyataka kwa Kobero ni machache na yana bei inayojulikana. Sabuni kwanza. Mwaka 1982 M. U. Khan alichapisha matokeo ya Dhaka: familia za wagonjwa wa Shigella zilizopewa sabuni na maji zilipata wagonjwa wapya kwa chini ya nusu ya zile zisizopewa. Sabuni haijawahi kushindwa na plasmidi yoyote, na bado bajeti zetu huipa nafasi baada ya vidonge. Kisha maji na vyoo kwenye maegesho ya malori na kwenye vituo vya wanaorejea, maana barabara hii iliwarudisha Warundi kutoka kambi za Ngara kuanzia 2002 na itabeba wengine. Na sampuli. Kila kituo cha afya cha mpakani kiwe na mirija ya kusafirishia choo, boksi la barafu, pikipiki na jina la mtu wa kupokea upande wa pili, na majibu yarudi kwa tabibu aliyetuma. Majibu ya sampuli za Zaire yalisomwa Leuven na London. Yalipochapishwa, dawa iliyokuwa ikitegemewa ilikuwa imeshapitwa, na bakteria walikuwa wameshafika vilima vya Burundi.